Zilipendwa za Mitambo: Majina ya Kompyuta na ya Magari ya Umeme Yanavyovuka Mpaka wa Tunduma

Msafiri afikaye Tunduma kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam hulakiwa kwanza na malori. Malori hayo husimama katika foleni ndefu, yakingoja zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Yaendayo huko hubeba mafuta, mbolea na bidhaa za viwandani. Yarudiyo hubeba shaba na kobalti za Katanga, zikielekea bandarini Dar es Salaam. Kobalti ni mojawapo ya madini yatumikayo kutengenezea betri. Ikisha kuvuka bahari huingizwa katika simu, katika kompyuta na katika gari la umeme, kisha hurejea kwetu imefungwa ndani ya sanduku lenye maandishi ya kigeni. Hivyo mali hupita Tunduma mara mbili, kwanza ikiwa madini, halafu ikiwa mtambo. Na katika safari ya pili huja pamoja na jina lake.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya majina ya mitambo ya aina mbili, yaani kompyuta na gari la umeme, katika lugha ya Kiswahili. Tutaonyesha kwamba katika habari ya kompyuta tulitunga majina kabla wananchi hawajaushika mtambo wenyewe, na kwamba majina hayo mengi yalibaki kitabuni. Kisha tutauliza kama tunayo nafasi ya kufanya vizuri zaidi katika habari ya gari la umeme, ambalo ndilo kwanza linaanza kuingia katika barabara zetu.

Yatupasa kuanza na neno zilipendwa. Watanzania hulitumia kwa nyimbo za zamani ambazo wazee huzisikiliza kwa furaha iliyochanganyika na majonzi. Ni kitenzi kilichogeuka jina, na upatanisho wake wa ngeli unakumbusha kwamba asili yake ni nyimbo. Kwa kuwa mashine nazo hupatana vivyo hivyo, hatuoni kosa kusema mashine zilipendwa. Wako watu ulimwenguni wanaozihifadhi mashine kuukuu kwa mapenzi yale yale tuliyo nayo sisi kwa muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970.

Mfano ulio wazi ni wa Uingereza. Mwaka 1981 mvumbuzi Clive Sinclair alianza kuuza kompyuta ndogo ya nyumbani iliyoitwa ZX81, kwa bei isiyofika pauni 70. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti moja tu, kiasi kisichotosha kuhifadhi kurasa mbili za makala kama haya. Haikuwa na kioo chake. Mwenye nyumba aliiunganisha na televisheni ya sebuleni, na programu zake zilisomwa kutoka katika kaseti ya kawaida, kwa kinasa sauti cha kawaida. Mwaka 1982 ikafuata ZX Spectrum, ambayo watoto wengi wa huko walijifunzia kuandika programu. Tarehe 10 Januari 1985 Sinclair huyo huyo alionyesha London chombo cha magurudumu matatu chenye betri na pedali, kilichoitwa C5. Kilikuwa cha mtu mmoja, bei yake pauni 399, na mwendo wake haukuzidi kilomita 24 kwa saa. Watu walikicheka, wakakiona cha hatari kati ya malori, na kabla ya mwaka kwisha utengenezaji wake ulikuwa umekoma. Leo vyombo hivyo vyote vinatafutwa na wakusanyaji, na waliovicheka wakiwa vijana huvisimulia kwa upendo.

Je, sisi tunazo zilipendwa za namna hiyo? Jibu lataka tutazame historia yetu wenyewe. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa mtambo mkubwa wa ofisi, wenye chumba chake na watumishi wake. Baada ya miaka michache matumizi ya kompyuta katika hesabu za Serikali yalizusha matatizo na gharama kubwa za fedha za kigeni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake pasipo kibali. Televisheni nazo zilikumbwa na zuio. Zanzibar ilikwisha kuanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, bali Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994.

Msomaji atafakari maana ya tarehe hizo. Katika miaka ile ya 1980, ambapo mtoto wa Uingereza aliunganisha kompyuta yake na televisheni ya sebuleni, mwenziwe wa Tunduma, wa Vwawa au wa Mbeya hakuwa na kompyuta, na hakuwa na televisheni ya kuiunganisha. Alikuwa na kaseti tu, na hiyo alisikilizia muziki. Kwa hiyo kompyuta ya nyumbani, kama walivyoijua watu wa nchi za viwanda, ni hatua ambayo wengi wetu tuliiruka. Hatuwezi kuikumbuka kwa sababu hatukuipitia.

Hata hivyo wataalamu wa lugha hawakulala. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikwisha kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kazi ya kutunga na kusanifu istilahi ilikuwa mojawapo ya majukumu yake makubwa. Wakati wananchi walio wengi hawajaiona kompyuta kwa macho, tayari majina ya kuiita yalikuwa yakishindana. Wako waliopendekeza ngamizi. Wako waliopendekeza tarakilishi, neno lenye mwangwi wa tarakimu na wa kitenzi lisha, ambalo baadaye lilishika mizizi hasa katika shule za Kenya. Na wako waliosema tuchukue kompyuta kama lilivyo, tulipatie irabu mwishoni na kulitumia.

Kila neno kati ya hayo lina sababu zake, wala si nia yetu kuwadharau waliolitunga. Lakini tuyapime kwa sikio la msomaji wa kawaida. Ngamizi humkumbusha angamiza na maangamizi. Karani aliyekwisha kusikia kwamba mashine hii yaweza kumwondolea kazi hakuhitaji jina la kumzidishia hofu. Tarakilishi hueleza vema mtambo wa kuhesabu, yaani ule wa Wizara ya Fedha wa mwaka 1965. Haielezi mtambo wa kuandikia barua, kuchora na kupigia muziki, ambao ndio uliotufikia. Jina lilichongwa kwa kipimo cha mtambo mmoja, akaja mwingine.

Masharti yalipolegezwa katika miaka ya 1980 na soko kufunguka katika miaka ya 1990, kompyuta ziliingia kwa wingi, nazo ziliingia na majina yake. Mafundi, wachapaji na walimu wa vyuo vidogo vya mitaani walisema kompyuta, diski, printa, programu. Hizo ndizo zilipendwa zetu. Aliyejifunza kazi katika miaka hiyo hukumbuka chumba kilichofungwa mapazia, viatu vilivyovuliwa mlangoni ili vumbi lisiingie, na kitambaa kilichoshonwa maalumu kuifunika mashine kila jioni kama inavyofunikwa redio ya mzee wa nyumba. Hukumbuka pia diski laini iliyobebwa mfukoni kwa uangalifu, na hasira ya kuikuta haisomeki. Mambo hayo yote yana majina, na majina hayo ni ya wale walioshika mashine kwa mikono yao.

Hapana budi kukiri pia kwamba kazi ya kitaalamu ilipokuja pamoja na mtambo, ilizaa matunda. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice, na mwaka 2011 ikatoka Kamusi Sanifu ya Kompyuta. Maneno kama barua pepe, tovuti na nywila yamekubaliwa kwa sababu mtumiaji aliyakuta mbele yake, katika kioo, siku ile ile aliyohitaji kuyatumia.

Neno moja katika orodha hiyo lastahili kuangaliwa peke yake, kwa kuwa linatupeleka kwenye magari. Kile kifaa kidogo cha mkononi cha kuendeshea kompyuta wengi wamekiita kipanya. Lakini kabla neno hilo halijazoeleka mezani kwa karani, lilikuwa tayari barabarani. Vipanya yalikuwa mabasi madogo ya abiria ya Dar es Salaam, mepesi kupenya penye msongamano. Yalirithi barabara iliyokwisha kupitiwa na chai maharage, na yenyewe ni ukoo mmoja na daladala, jina litokanalo na dala, yaani shilingi tano ya nauli ya miaka ya 1980. Kipanya ni pia mhusika wa katuni mashuhuri za gazetini, na mchoraji wake, Masoud Kipanya, ndiye aliyeonyesha hadharani jijini Dar es Salaam, mwezi Machi 2022, gari dogo la umeme alilolipa jina la Kaypee. Kwa hiyo neno moja la Kiswahili, lenye maana ya panya mdogo, limekwisha kugusa basi, kompyuta na gari la umeme, na hakuna kamati iliyolipangia safari hiyo.

Tukirudi sasa mpakani, tutaona kwamba mipaka ni karakana za maneno. Mfano mkubwa ni bodaboda. Neno hili lilizaliwa Busia, baina ya Kenya na Uganda, ambako wenye baiskeli waliwavusha wasafiri katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, wakitangaza kazi yao kwa kulitamka mara mbili neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli ikawa pikipiki, Busia ikasahaulika, na leo bodaboda yuko Tunduma, yuko Kigoma. Tunduma nayo ni mji wa namna hiyo. Kinyiha, Kinyamwanga, Kibemba na Kiswahili hukutana sokoni kila siku, na tangu mwaka 2019, kilipofunguliwa kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, maofisa wa nchi mbili hukagua mzigo mmoja chini ya paa moja. Neno likishika hapo hubebwa na dereva wa lori hadi Dar es Salaam kwa upande mmoja na hadi Katanga kwa upande wa pili.

Tuyatazame basi majina ya vyombo vya usafiri tuliyo nayo. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwezi Julai 1976, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, huvuka mpaka hapo hapo Tunduma. Tangu siku ya kwanza injini zake zilikuwa za dizeli. Hata hivyo twaliita treni lake garimoshi, jina lililotokana na moshi wa injini za mvuke za zamani. Pikipiki iliitwa kwa mlio wake. Bajaji iliitwa kwa jina la kiwanda cha India kilichoitengeneza. Kituo cha mafuta chaitwa sheli hata kama mwenye kituo ni kampuni nyingine kabisa. Na dereva anayetaka kuongeza mwendo huambiwa akanyage mafuta.

Gari la umeme linakuja kuyajaribu maneno hayo yote kwa pamoja. Garimoshi la umeme halina moshi. Pikipiki ya umeme haina mlio. Anayeongeza mwendo hakanyagi mafuta, wala haendi sheli. Je, maneno hayo yatakufa? Historia yajibu kwamba hayatakufa. Garimoshi liliishi baada ya injini za mvuke kuondoka, na wala hakuna abiria aliyelalamika. Neno likisha kushika huacha kueleza kitu na kuanza kukitaja tu, na mtaalamu wa istilahi asiharakishe kulifukuza kwa sababu maana yake ya asili imepitwa na wakati.

Pale ambapo neno jipya latakiwa, watumiaji wameanza kulitafuta wenyewe. Treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024, wananchi waliziangalia zile treni zenye pua kali wakaziita mchongoko. Jina hilo halitaji umeme wala reli. Lataja umbo, jambo la kwanza ambalo jicho huliona. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la watu wawili mwezi Novemba 2011, nacho kililiita Kiira, jina la nyumbani. Na kwa chombo chenyewe kwa jumla, gari la umeme ni istilahi nzuri: ni fupi, yaeleweka kwa asiyesoma, na imeundwa kwa maneno tuliyo nayo. Hapa hatuna haja ya kubuni.

Haja iko ndani ya gari, na hapo ndipo kosa la jina laweza kumdhuru mtu. Tuchukue neno betri. Fundi wa Tunduma amezoea betri ya lori, yenye risasi na tindikali. Anayo istilahi yake kamili: betri ya maji, maji ya betri, kuongeza maji, kuchaji. Anajua kufungua vifuniko na kutazama kiasi cha maji. Betri ya gari la umeme la leo kwa kawaida ni ya lithiamu. Haina maji ya kuongeza. Ikitobolewa au kufunguliwa yaweza kuwaka moto ulio mgumu kuzimwa, na volti za betri ya gari kubwa hufika mamia, kiasi cha kuua. Jina ni moja, betri, na mkono wa fundi hufuata jina. Akiambiwa betri imeharibika, atatafuta kifuniko. Onyo limebandikwa juu ya kasha, lakini kwa lugha asiyoisoma.

Tuchukue pia neno injini. Fomu za gari huuliza namba ya injini na ukubwa wake kwa ujazo. Gari la umeme lina mota, na nguvu yake hupimwa kwa kilowati. Karani asiye na neno wala mwongozo ataacha nafasi hiyo wazi, au ataandika sifuri, au ataandika kilowati palipotakiwa ujazo; na makarani watatu watatoa majibu matatu kuhusu gari moja. Mota ni neno ambalo mafundi wa pampu na wa mashine za kusaga wanalitumia siku nyingi. Kinachotakiwa ni fomu kulitambua.

Jambo hili linawahusu watu wa Mkoa wa Songwe kwa namna ya pekee. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una kilima ambacho wenyeji hukiita Ngwala na ambacho mikataba hukiandika Ngualla, katika Wilaya ya Songwe. Humo mna neodimiamu na praseodimiamu, madini yatumikayo kutengenezea sumaku zenye nguvu za mota za magari ya umeme. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitia saini mkataba kuhusu uchimbaji wake. Kundi hilo la madini tumelizoea kwa jina la madini adimu, tafsiri ya neno la kigeni ambalo lenyewe lina kasoro, kwani mengi kati yake si haba ardhini. Ugumu ni kuyapata yaliyokusanyika mahali pamoja na kuyatenganisha. Mwalimu atakayemweleza mwanafunzi wa Mkwajuni kwamba chini ya kilima chao kuna kitu adimu atakuwa ametafsiri sawasawa na amefundisha nusu. Na mfasiri wa mikataba ajihadhari, maana mwanakijiji husikia bei katika neno adimu.

Kutokana na hayo twatoa mapendekezo machache. Kwanza, gari la umeme, mota na kuchaji yatambuliwe rasmi kama yalivyo. Pili, betri zitofautishwe bila kukosea: betri ya maji kwa ile ya risasi na tindikali, na betri ya lithiamu kwa hii mpya; wala jina fupi lisitumike peke yake katika maandishi ya usalama. Tatu, umbali ambao gari hwenda kwa chaji moja uitwe mwendo wa chaji, maneno ambayo dereva yeyote atayaelewa. Nne, maonyo yaliyo juu ya betri na vifaa vya kuchajia yaandikwe kwa Kiswahili kabla bidhaa haijatoka forodhani. Tano, maneno yakusanywe kwa mafundi wa karakana, madereva na mawakala wa forodha wa mipakani, na yakusanywe mapema.

Tunduma bado ni mji wa dizeli, na malori yake yataendelea kunguruma kwa miaka mingi. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza sasa. Habari ya kompyuta ilitufundisha kwamba jina lisilo na mtambo hukaa kitabuni, na mtambo usio na jina hujitafutia. Safari hii mtambo na jina vinaweza kuvuka pamoja, ikiwa walimu wa Vwawa na Tunduma, wafasiri na watumishi wa forodha watatuandikia maneno wanayoyasikia huko waliko. Wakati vijana wa leo watakapokuwa wazee na kuyasimulia magari yao ya kwanza ya umeme kama zilipendwa, watayasimulia kwa maneno yatakayoamuliwa katika miaka hii. La haraka zaidi ni lile la fundi: asome, kwa lugha anayoiota, kwamba betri iliyo mbele yake haifunguliwi.